"Nice" na mtembeza wageni wa Lamu

Natembeza wageni Lamu. Vijana wanaoanza kazi hii nawafundisha Kiingereza gatini, tukisubiri boti za Mokowe, ng'ambo ya bara. Naanza na "nice", kwa sababu ndilo wanalolitumia kupita kiasi.

Litamke "nais", silabi moja, usiongeze irabu mwishoni.

Halafu ujue uzito wake: ni sifa nyepesi. Chai ya tangawizi ni nice. Upepo wa jioni Shela ni nice. Lakini msikiti wa Takwa, yale magofu ya kisiwa cha Manda, na ile nguzo juu ya mihirabu, ukiuita "very nice" umeushusha. Sema "beautiful". Ukuta wa zidaka, vile vishubaka vya kuwekea vitu, ndani ya nyumba ya kale nao usiuache na neno hilo moja. Mwonyeshe mgeni mkono wa fundi katika chokaa, umweleze kilichokuwa kikiwekwa humo.

Kwa watu, kuwa makini zaidi. Sisi tukisema fulani ni mzuri, mara nyingi ni sura. Mwingereza akisema "she is nice" anasifu tabia: ni mwema, mkunjufu. Akitaka kusifu mavazi au sura atasema "she looks nice". Na "nice to meet you" ni ya siku mnayojuana tu. Mkikutana tena kesho pale uwanja wa Mkunguni, mwambie "nice to see you". Ukilinganisha, sema "nicer", si "more nice". Dafu likiwa baridi vizuri ni "nice and cold", na hapo mgeni ataona lugha imekukaa.

Asili yake inanivutia sana. Limetoka kwa Kilatini, nescius, yaani asiyejua. Katika Kifaransa cha kale likawa mjinga, na Waingereza walilipokea hivyo hivyo kama mwaka 1300. Baadaye likamwelekea mtu mteuzi, asiyeridhika upesi, kisha jambo la uangalifu mkubwa. Maana ya kupendeza ilienea katika karne ya 18.

Ile ya uangalifu haijafa. Mgeni msomi akikwambia tofauti ya mashua na jahazi ni "a nice distinction", hasemi kwamba inapendeza. Anasema ni tofauti ndogo inayotaka jicho kali, kwa kuwa yeye vyote viwili huviita "dhow". Basi mpeleke ufukweni umwonyeshe, chombo kwa chombo.