Sabato kwa Mwajiriwa: Anza Alhamisi

Wazee wa pwani wakisema "usiku wa Jumamosi" humaanisha usiku unaotangulia Jumamosi, maana kwao siku huanza jua likizama. Sisi Wayahudi nasi tunahesabu hivyo hivyo, kwa hiyo Sabato, siku yetu ya mapumziko, huingia Ijumaa jioni na kutoka Jumamosi jioni. Hapa Nairobi jua huzama kama saa 12:15 hadi 12:45 jioni mwaka mzima, kwa hiyo ratiba moja inatosha. London, Desemba, mishumaa ya kuikaribisha Sabato huwashwa kabla ya saa 10 jioni!

1. Zungumza na mkubwa wako mapema. Omba kutoka saa 9 kila Ijumaa, na useme utafidia lini. Mpe pia tarehe za sikukuu, kwa sababu kila mwaka zinahama. Mwaka 2026 Yom Kippur, Siku ya Upatanisho, ni Jumatatu, 21 Septemba, lakini mfungo unaanza Jumapili jioni.

2. Alhamisi, nunua na uloweke. Maharage, shayiri, viazi. Nyama ya kosher, yaani iliyochinjwa kwa sheria zetu, ni adimu hapa, na mimi sihangaiki nayo.

3. Ijumaa, bandika sufuria. Hapa usiharakishe. Chakula kiive kabisa kabla ya machweo, kwani Sabato ikishaingia hatupiki. Kisha funika makaa kwa majivu, kidogo kidogo, mpaka wekundu wote upotee, ndipo urudishe sufuria. Majivu hayo yametajwa katika Mishna, kitabu cha kale cha sheria zetu: yanakuzuia usije ukajisahau na kuchochea moto. Jiko likae barazani, kamwe lisilale ndani. Hewa ya makaa inaua watu usingizini. Jumamosi mchana ukifunua, viazi vimegeuka kahawia na shayiri imeshika mchuzi.

4. Maliza mambo ya pesa na stima. Lipa unayodaiwa, nunua tokeni. Ijumaa moja uniti zilituishia saa 3 usiku, tukakaa gizani hadi kesho yake jioni, kwani siku ya Sabato hatununui kitu. Tangu hapo naangalia mita kabla ya kuoga. Waage wanaokupigia, kisha zima simu. Ila mtu akizidiwa, washa simu, ita gari, mpeleke hospitali: kuokoa uhai kunatangulia Sabato, na wala usisite.

5. Washa mishumaa dakika 18 kabla ya machweo. Foleni ya Ijumaa unaijua, kwa hiyo ile saa 9 usiisogeze hata kwa kikao "kifupi".

6. Jumamosi, nyota tatu zikionekana, fanya havdala, ibada fupi ya kuaga Sabato: divai, manukato, mshumaa wenye tambi zaidi ya moja. Kwa manukato natumia karafuu. Naziponda kidogo kiganjani na kila mtu ananusa kwa zamu. Simu naiwasha baada ya hapo.