Kunoa tasnifu ya uzamivu kabla haijafika kwa watahini

Anza na mambo makubwa. Koma na nafasi kati ya mistari zije mwisho. Ukinyoosha sentensi za sura ambayo kesho utaipunguza kurasa kumi, umepoteza siku nzima. Tenga wiki tatu hivi, na kila mzunguko utafute kosa la aina moja tu.

Mzunguko wa kwanza ndio wenye uzito. Chapisha ikisiri (muhtasari wa tasnifu), sura ya kwanza na ya mwisho, uzisome mfululizo. Mara nyingi sura hizi zimeachana kwa miaka, na utafiti umebadilika humo katikati. Orodhesha maswali ya utafiti upande mmoja wa karatasi, na majibu yaliyomo kwenye hitimisho upande wa pili. Swali lililokosa jibu, au jibu la swali ambalo hukuuliza, utaulizwa tu siku ya utetezi.

Kisha fuatilia tarakimu. Huenda uliondoa hojaji 4 zisizokamilika, ukasahihisha majedwali, ukasahau ikisiri: huku washiriki 124, kule 120. Kosa dogo, lakini humfanya mtahini atilie shaka hesabu zote. Asilimia zikijumlika 99.9 au 100.1 kwa sababu ya kukadiria desimali, eleza chini ya jedwali.

Istilahi ziwe zilezile mwanzo hadi mwisho. “Watoa taarifa” sura ya tatu na “wahojiwa” sura ya tano, msomaji atadhani ni makundi mawili. Unapobadilisha neno kwa kompyuta, thibitisha kila mahali. Ukigeuza “dodoso” na “madodoso” zote kwa mkupuo kuwa “hojaji”, upatanisho wa kisarufi utabaki nyuma: “hojaji hili”, “hojaji yalisambazwa”. Kikagua tahajia hakitakuonya, maana kila neno peke yake ni sahihi.

Marejeleo yakaguliwe pande mbili: kutoka matini kwenda orodha, kisha kutoka orodha kurudi kwenye matini. Angalia miaka hasa, kwani makala iliyotoka mtandaoni 2015 na kuchapwa 2016 huingia kwa miaka yote miwili. Zotero, programu ya kutunza marejeleo, hurahisisha kazi, ila jina lililoingizwa vibaya hukosewa kila linapotajwa.

Pambizo na fonti fuata mwongozo wa chuo chako. Kwenye Word, bonyeza Ctrl+A kisha F9 ili orodha ya yaliyomo na namba zake za kurasa zijisasishe. Hifadhi PDF, uifungue kwenye kompyuta nyingine, upitie kila ukurasa wenye jedwali, mchoro au fomula. Hayo ndiyo huharibika faili linapogeuzwa.