Kitako cha mbao cha injini ya modeli: upake nini kidumu

Watu wengi wakimaliza kutengeneza injini ya modeli, yaani injini ndogo inayofanya kazi kweli, wanauliza kipi kitang'aa zaidi kwenye mbao inayofungiwa, lakini mi naona swali la kwanza ni lingine: injini yako inamwaga nini? Maana hivi vijiinjini vyote vinamwaga kitu hata uvifunge vizuri vipi, na hicho kinachomwagika ndo kinakuchagulia cha kupaka.

Ya mvuke inatema maji ya moto yenye oili ya silinda. Ya petroli inadondosha petroli na oili nyeusi. Zile za plagi ya glo (plagi yenye waya unaobaki mwekundu kwa joto ili kuwasha mafuta) ndo kiboko, zinatumia methanoli, oili na mara nyingi nitromethani, huo mchanganyiko unalainisha vanishi nyingi tu. Stirling, yaani injini ya hewa ya moto, inayopashwa kwa taa ya spiriti ni safi, ila siku spiriti ikimwagika wakati unajaza taa utajua kama ulichagua vizuri.

Kwa hiyo shelaki, ile vanishi ya utomvu wa wadudu inayoyeyushwa kwa spiriti, pamoja na uzuri wake wote, iache kwa injini ya kukaa kabatini. Inayeyuka kwa alkoholi, na maji ya moto yanaiachia madoa meupe. Laka ya selulosi nayo inakauka haraka na inapendeza sana, lakini mafuta ya glo yanaila. Mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani) au ya tung (ya mbegu za mti wa tung) ni rahisi kupaka na kurudishia, ila hayazuii oili kuzama, polepole mbao inakuwa nyeusi. Na vitambaa ulivyopakia linsidi usivikunje ukavitupa kwenye kona, vinajipasha moto vyenyewe hadi vinawaka, vitandaze nje vikauke au vitie kwenye maji.

Kwa mvuke na petroli mi nasimama na polyurethani ya mafuta, ile ya kopo moja. Inavumilia petroli na oili ikishakomaa, mradi usiache dimbwi likae, na ni rahisi kuipaka kwa brashi. Kwa glo nenda kwenye vitu vya kuchanganya na hadena (kigumishi), yaani epoksi au polyurethani ya sehemu mbili. Hizo vaa glavu, fungua madirisha, na ile ya sehemu mbili usiipulizie ndani kwa barakoa ya kitambaa, isosianeti zake, kemikali zilizomo kwenye hadena, zinaumiza mapafu. Epoksi nyingi zinalainika kwenye joto la kama 60°C na kuendelea, kwa hiyo chini ya boila au kichomeo cha moto weka bati lenye nafasi ya hewa katikati, usitegemee vanishi izuie moto.

Sasa hapa ndo kazi nyingi zinapoharibikia: watu wanapaka juu vizuri halafu wanasahau matundu ya bolti. Oili haiingilii juu palipong'aa, inateremka na bolti, inazama kwenye nyuzi za mbao, miezi kadhaa baadaye unaona duara jeusi limezunguka kila mguu wa injini na vanishi imeanza kunyanyuka. Kwa hiyo toboa matundu yote KABLA ya kupaka, halafu chovya kijiti kwenye epoksi nyepesi au vanishi uliyopunguza, zungusha ndani ya kila tundu mpaka kuta zilowe. Vichwa vya mbao vilivyokatwa vinafyonza sana, vipe mkono wa ziada, yaani vipake mara moja zaidi. Na upande wa chini upake pia, ukipaka juu tu mbao itavuta unyevu upande mmoja na kupinda, injini nayo itakosa ulinganifu.

Maandalizi si marefu. Msasa 120, 180, kisha 220, futa vumbi. Mbao zenye mafuta kama tiki zifute kwa asetoni kabla tu ya kupaka, la sivyo vanishi itakataa kushika. Mkono wa kwanza wa polyurethani punguza nusu kwa nusu na tapentaini ya madini izame, halafu mikono mitatu au minne myembamba, katikati ukipitisha msasa 320 kwa wepesi.

Kama huna uhakika na kopo ulilonalo, paka kipande cha mbao ileile, kiache kikomae, dondoshea mafuta unayotumia, funika na kizibo cha chupa yasikauke, acha mpaka asubuhi halafu kwaruza kwa ukucha. Ikinata au ukucha ukiacha alama hiyo haifai, tafuta nyingine.

Halafu subira jamani. Polyurethani ukiigusa kesho yake unadhani tayari, lakini kukomaa kwenyewe ni kama mwezi, epoksi kama wiki. Ukifunga injini mapema miguu inazama na kugandia, siku ya kuifungua inang'oka na vanishi yake. Wakati wa kufunga weka washa za shaba nyeusi au karatasi ya gasketi chini ya miguu, na bolti kaza kiasi tu, mbao inatanuka na kusinyaa kwa unyevu, ukikaza sana inabonyea.