Kuutuliza Unyayo Unaouma kwa Mtazamo wa Tiba ya Kichina

Katika tiba ya Kichina, maumivu huhesabiwa kuwa ishara ya kukwama kwa chi, yaani nguvu ya uhai, pamoja na damu, katika njia zinazopita mwilini; kwa hiyo mwenye kisigino kinachochoma asubuhi hashauriwi kulala siku nzima, bali kujinyoosha kwa kiasi. Kabla ya kushuka kitandani, zungusha vifundo vya miguu taratibu, kisha uvute vidole kuelekea kwako. Halafu tafuta nukta iitwayo Yongquan, maana yake chemchemi ibubujikayo: ukikunja vidole, kishimo hujitokeza kwenye unyayo, yapata theluthi moja ya njia kutoka vidoleni kuelekea kisiginoni. Kibonyeze kwa kidole gumba kwa dakika 1 au 2, bila kujiumiza. Jioni, tembea polepole kando ya bahari katika bustani ya Mama Ngina ukiwa na viatu vyenye soli nene (ndara zilizolika, tuzipendazo mno hapa Mombasa, hazifai kitu). Wachina huhusisha kisigino na figo, ingawa hiyo ni lugha ya mfumo wao, wala si kusema kwamba figo zinaugua. Mwenye kisukari, ganzi au uvimbe amwone daktari kabla ya kujikanda.