Namna ya kuloweka mihogo michungu kwa unga wa bugali

Hapa Bukavu bugali wa mihogo hauchoshi mtu, lakini ukinunua unga pale soko la Kadutu, ni wangapi wanaomuuliza mama muuzaji aliloweka siku ngapi? Mimi nauliza kila mara. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi. Anayeula siku nyingi bila sumu kutolewa vizuri, tena bila samaki wala maharagi, anaweza kushikwa na konzo: miguu inapooza ghafla, na haiponi tena. Daktari Trolli aliueleza ugonjwa huo mwaka 1938 kule Kwango, kusini-magharibi mwa Kongo. Hushika hasa watoto na akina mama.

Muhogo ulikuja na Wareno kutoka Brazil, miaka ya 1500. Wenyeji wa kule walikuwa wanaukuna na kuukamua. Mama zetu wakatumia maji, na kazi hiyo naiheshimu sana.

Menya, kata vipande, zamisha vyote kwenye beseni. Kinachoelea hakichachi sawasawa, kwa hiyo kandamiza na jiwe safi. Siku 3 zinatosha penye joto. Baridi yetu ya Bukavu mara nyingi inataka 4. Maji yakitoa povu na harufu kali, usishtuke: uchachu huo ndio unaolainisha muhogo na kuifungua sumu. Sasa bonyeza kipande kwa kidole gumba. Kikimegeka kama ndizi mbivu, na uzi wa katikati ukachomoka bila kuvutwa, kimeiva. Kama moyo wake bado mgumu, kirudishe majini, hata kama wageni wako njiani.

Toa nyuzi, suuza, kamua, anika juani kwenye shitingi (turubai) safi mpaka kipande kikivunjwa kilie ka! Halafu peleka mashineni.

Na unga wa sokoni usiojua ulikotoka? Ukoroge na maji uwe mzito, utandaze mwembamba, usizidi sentimita 1, uuache kivulini kwa muda wa saa 5 au juani kwa muda wa saa 2. Sumu iliyobaki inaruka hewani. Songa bugali siku hiyohiyo, usiulaze.

Mezani weka sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, au maharagi, maana mwili unahitaji protini ili kuishinda sumu kidogo inayobaki. Sombe (majani ya muhogo) peke yake haitoshi, nayo itwange vizuri kabla ya kuichemsha.