SOMO: Kuhamisha mifumo ya chuo kutoka chumba cha seva kwenda kwenye wingu (someni yote kabla ya kuuliza)

Wakuu, salaam. Naandika mara moja ili siku nyingine mtu akiniuliza nimtumie kiungo tu. Swali ni lile lile: "Chuo kinataka kwenda kwenye wingu, tuanzie wapi?" Wingu maana yake ni seva za kukodi kwa mtoa huduma, mnazifikia kwa intaneti. Anayeuliza mara nyingi ameshapata bei na mkubwa wa kusaini, ila hana orodha ya mifumo yake mwenyewe. Naongelea vyuo vya Tanzania. Wa Kenya na Uganda mtabadilisha majina ya mamlaka, kazi ni ile ile.

Hatua ya 1: Orodha. Kila seva, kila programu, nani anaitumia, nani ana nenosiri. Mkikuta mashine ambayo hakuna anayejua kazi yake, msiizime. Isikilizeni kwanza inaongea na nani kwenye mtandao, tena msubiri mpaka mwisho wa mwezi upite, maana kuna kazi zinazoamka mara moja kwa mwezi.

Hatua ya 2: Karatasi. Chuo cha umma hakiwezi kuiruka Mamlaka ya Serikali Mtandao, na sheria yake ni ya 2019. Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, yenye masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Matokeo, namba za NIDA, fomu za afya za mwaka wa kwanza, zote hizo ni taarifa binafsi. Mwanasheria wa chuo aitwe kabla ya kununua. Na wingu si lazima liwe ng'ambo: kuna kituo cha data cha taifa pale Kijitonyama. Watoa huduma wa nje walio karibu wako Afrika Kusini: Microsoft walifungua huko 2019, Amazon wapo Cape Town tangu 2020, Google wapo Johannesburg tangu 2024.

Hatua ya 3: Kalenda. Msihame wakati wa usajili, mitihani wala matokeo.

Hatua ya 4: Akaunti. Ifunguliwe kwa barua pepe ya ofisi, isiwe ya kijana wa TEHAMA anayesubiri majibu ya usaili wa benki. Wekeni tahadhari ya bili siku hiyo hiyo. Bili inakuja kila mwezi kwa dola, bajeti yenu iko kwa shilingi na inaanza Julai. Bursa aelewe hilo mapema, akilielewa kwa kushtukizwa mradi umekwisha.

Hatua ya 5: Barua pepe itangulie. Google na Microsoft wote wana mpango wa bure kwa vyuo, na nafasi ya terabaiti 100 inayotumiwa na chuo kizima. Sioni sababu ya chuo kuendelea kupigana na barua taka kwa seva yake.

Hatua ya 6: Kubeba data. Pigeni hesabu kabla ya kuahidi tarehe. Terabaiti 10 kwenye laini ya megabiti 100 kwa sekunde ni siku 9 na ushee, hapo laini yote ni yenu na umeme haukatiki. Kwa hiyo nakili mara mbili. Mara ya kwanza mfumo ukiwa kazini, ili mzigo mkubwa utangulie. Mara ya pili mfumo ukiwa umefungwa, rsync (programu ya kunakili) ichukue kilichobadilika tu. Kwa Moodle (mfumo wa masomo ya mtandaoni): washa hali ya matengenezo, toa nakala ya databesi, nakili moodledata (folda ya mafaili yake) bila folda za cache, localcache, sessions na temp, na jina la tovuti libaki lile lile ili viungo vya wahadhiri visife.

Hatua ya 7: Malipo na kila kinachounganishwa na nje. Hapa ndipo tulipoangukia sisi, na ndiyo sababu ya somo zima.

Mfumo wa wanafunzi hausimami peke yake. Unaomba namba ya malipo (kontroli namba) kwenye mfumo wa malipo wa Serikali, GePG. Unaongea na benki. Unaongea na kampuni ya SMS. Wengi wa hawa hawapokei ombi kutoka anwani ya IP wasiyoijua. Ukihamia kwenye wingu, anwani yako imebadilika. Wanafunzi wanaingia vizuri, kozi wanaziona, kila mtu anapiga makofi, ila kontroli namba haitoki.

Hilo lilikuwa jepesi, kwa sababu lilionekana. Lililotuumiza ni la upande wa pili. Malipo yakifanyika, taarifa inarudi chuoni kupitia anwani iliyosajiliwa kwao. Seva ya zamani tulikuwa tumeiacha inawaka, "kwa usalama". Ikaendelea kupokea taarifa za malipo na kujibu kwa adabu kwamba imepokea. Kwa hiyo upande wa pili hawakuona tatizo lolote, kumbe ada zilikuwa zinaandikwa kwenye databesi ambayo hakuna mtu anaifungua tena. Mwanafunzi ana risiti mkononi, mfumo mpya unasema anadaiwa. Uhasibu ikabidi wapatanishe malipo moja moja kwa mkono.

Kwa hiyo zingatieni:

Barua ya kubadili anwani iende wiki nyingi kabla, na msihame mpaka majibu yawe kwa maandishi. "Tumeshaongea nao kwa simu" haihesabiki.

Mashine ya wingu ukiizima na kuiwasha inaweza kupewa anwani nyingine ya nje. Lipieni anwani isiyobadilika, na hakikisheni maombi yote yanatokea humo.

Funguo za kusaini ujumbe wa malipo zihamishwe kwa njia salama. Msizitume WhatsApp. Nimeona zikitumwa WhatsApp.

Seva ya zamani: fungeni mlango wake wa kupokea malipo DAKIKA ile ile mnapohama. Mashine iwake mkitaka, lakini isijibu. Ikikaa kimya, mtumaji ataona kosa na mtajua. Ikijibu, hamtajua chochote mpaka foleni ifike dirishani kwa mhasibu.

Kisha mtu mmoja alipe kweli, kiasi kidogo, na mfuate hiyo pesa mpaka ionekane kwenye akaunti ya mwanafunzi. Mazingira ya majaribio hayatoshi.

Hatua ya 8: DNS, yaani kinachoelekeza jina la tovuti kwenye anwani ya IP. Siku mbili kabla, shusheni TTL (muda ambao wengine wanaikumbuka anwani ya zamani) hadi sekunde 300. Mkihama na kutulia, irudisheni.

Hatua ya 9: Bakapu. Ikae kwenye akaunti tofauti na ile ya mifumo. Jaribuni kuirejesha.

Hatua ya 10: Vinavyobaki nyumbani. DHCP (inayogawa anwani za IP chuoni), eduroam (Wi-Fi ya vyuo), printa, kamera, milango ya kadi. Chumba cha seva hakifi, kinapungua tu.

Maswali karibuni.

---

Mtaa_wa_Tatu: Mkuu somo zuri. Gharama yake kwa mwezi ni shilingi ngapi?

Mwandishi: Ya nini? Hujataja wanafunzi wangapi, mifumo mingapi, data kiasi gani. Anza hatua ya 1.

Mtaa_wa_Tatu: Kwa makadirio tu mkuu.

Mwandishi: Watoa huduma wote wana kikokotoo kwenye tovuti zao. Kijaze kwa orodha yako. Na usisahau data inayotoka: kuingiza ni bure, kutoa kunalipiwa. Amazon wanakupa gigabaiti 100 za kwanza kila mwezi, baada ya hapo video za mihadhara zinakula bajeti. Ziwekeni YouTube.

kebo_ya_chumvi: Swali langu ni la nyaya za intaneti za baharini. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na Seacom zilipokatika kusini huko, intaneti iliyumba karibu Afrika Mashariki yote. Chuo ambacho mifumo yake iko Johannesburg siku kama hiyo kinafanyaje?

Mwandishi: Hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Ramani inadanganya: Johannesburg iko karibu kwa kilomita, lakini siku ile njia ya kusini ndiyo iliyokatika, na aliyekuwa na seva Ulaya kupitia kaskazini angeweza kuwa na nafuu kuliko mwenye seva Johannesburg. Februari ya mwaka huo huo nyaya za Bahari ya Shamu ndizo zilizopata shida, mambo yakawa kinyume. Kwa hiyo usichague kwa umbali peke yake, uliza mtoa intaneti wako ana njia ngapi na zinapita wapi. Kama mko chini ya TERNET au KENET (mitandao ya vyuo ya Tanzania na Kenya) waulizeni, hawa wanaelewa mahitaji ya vyuo. Pili, acheni chuoni seva ndogo yenye nakala ya akaunti za kuingilia, ili maabara na Wi-Fi vifanye kazi hata nje kukikatika. Tatu, programu ya Moodle ya simu inaruhusu mwanafunzi kupakua kozi na kusoma bila mtandao. Wafundisheni wiki ya kwanza. Mtihani wa mtandaoni wenye uzito wa mwisho wa muhula mimi ningeufanyia kwenye seva iliyo ndani ya chuo, mpaka leo.

kebo_ya_chumvi: Asante sana mkuu, hilo la njia ya kaskazini sikuwa nimelifikiria.

Afisa_Jr: Wakuu naomba msaada wa haraka, tumehamisha mfumo wa usajili juzi, wanafunzi wamejaa na namba za malipo hazitoki.

Mwandishi: Hatua ya 3. Halafu hatua ya 7.

Afisa_Jr: Nimesoma mkuu, nauliza sasa nifanyeje?

Mwandishi: Kama umesoma, mmefunga mlango wa seva ya zamani? Fungeni sasa hivi. Kisha maombi ya malipo yapitisheni kwa muda kwenye chumba cha seva kwa VPN (njia ya siri kati ya wingu na chuo), yatoke na anwani ile ya zamani, wakati barua inashughulikiwa. Na msifute databesi ya zamani, mtaihitaji kupatanisha.

Mzalendo_Halisi: Wingu ni kompyuta ya mtu mwingine. Seva zetu zinafanya kazi miaka nane sasa, hela yote hii ya nini?

Mwandishi: Sijasema kila chuo kihame. Mfumo wenye mzigo ule ule mwaka mzima unaweza kuwa ghali zaidi huko. Ila kwenye hesabu yako weka na dizeli ya jenereta, betri za UPS, AC mbili, na Jumapili zako. Miaka nane bila kubadilisha diski hiyo ni bahati, usiiandike kwenye mpango mkakati.

Binti_Koha: Kaka, sisi tulihama na mfumo wetu wa kazi za wanafunzi, uliandikwa hapa hapa chuoni. Mwisho wa kukusanya ulikuwa saa 5:59 usiku, ukaendelea kupokea kazi mpaka saa 8:59. Na barua za kubadili nenosiri haziendi kabisa. Vinahusiana?

Mwandishi: Dada, hivyo ni vitu viwili, na nilipaswa kuviweka kwenye somo. Saa: mashine za wingu huja zikiwa kwenye UTC, saa ya kimataifa, sisi tuko mbele kwa saa tatu. Msibadilishe saa ya mashine, andikeni Africa/Dar_es_Salaam ndani ya programu na kwenye databesi. Barua: watoa huduma wengi wanazuia mlango wa 25 (port ya kutuma barua) kutoka kwenye mashine zao. Tumieni mlango wa 587 kupitia ile barua pepe ya hatua ya 5. Mfumo wa zamani ulikuwa kwenye Windows?

Binti_Koha: Ndiyo, XAMPP, kile kifurushi cha seva ya tovuti na databesi ya MySQL.

Mwandishi: Basi na moja la nyongeza. Windows haijali herufi kubwa na ndogo kwenye majina ya jedwali za MySQL, Linux inajali. Students na students huko ni vitu viwili. Pitieni msimbo kabla hamjakutana na ukurasa mweupe.

Nyeri_Techie: Kaka, huku Kenya malipo ni paybill ya M-Pesa. Hatua ya 7 inatuhusu?

Mwandishi: Tena sana. URL ya kupokea taarifa za malipo imesajiliwa upande wao. Ulizeni mapema utaratibu wa kuibadilisha, na mtumie jina la tovuti badala ya namba ya IP ili msirudi tena kuomba.

fundi_vyuma: Na zile diski za zamani zenye matokeo ya watu? Hapa kwetu zimerundikwa stoo.

Mwandishi: Za sumaku zipitishe nwipe, programu ya kufuta diski. SSD usiandike sifuri juu yake, haitoshi. Tumia amri ya kufuta iliyomo kwenye diski yenyewe. Zilizokufa hazisomeki kwa programu, hizo ni drili.

fundi_vyuma: Drili ninayo, naanza kesho.

Mwandishi: Pata saini ya afisa ugavi kwanza. Hizo bado ni mali ya chuo.