Kunoa cheni ya msumeno wa moto ikiwa imevuliwa

Cheni ikishavuliwa kwenye msumeno inacheza. Ukiishika kwa vidole na kuipiga tupa, kila jino litapata pembe yake, na ukiirudisha itakwenda upande badala ya kunyooka. Kwa hiyo kabla ya tupa, tafuta namna ya kuibana.

Chukua vyuma viwili vya pembe, kila kimoja urefu wa sentimita 25 hivi. Vitie kwenye jiriwa vikiwa vimepeana migongo, shusha ndimi za chini za cheni katikati yao, viungo vya pembeni vikae juu ya vyuma, kisha kaza. Sukuma jino kwa kidole gumba. Likitikisika, kaza tena. Huna vyuma hivyo? Kipande cha mti mgumu kilichopasuliwa mfereji mwembamba kwa msumeno wa mkono kinatosha, ila mfereji ukishapanuka kibadilishe.

Kabla ya kuibana, loweka cheni kwenye mafuta ya taa na uisugue kwa brashi ya waya. Utomvu na mchanga huziba meno ya tupa, nayo huanza kuteleza badala ya kukata.

Sasa lielekeze jino kwenye mwanga. Makali mazima hayang'ai. Makali yaliyokufa yanaonesha mstari mweupe mwembamba kwenye ncha, na hapo ndipo pa kuondoa. Cheni iliyokata minazi huchakaa upesi kwa sababu shina la mnazi lina silika, madini magumu kama ya mchanga. Iliyogusa jiwe, kama inavyotokea kwenye ardhi ya mawe ya Micheweni au Makunduchi hapa Zanzibar, huwa imeliwa kona ya nje ya jino. Juu ya jino pana ngozi ngumu ya kromu, na chuma kilicho chini yake ni laini zaidi. Kromu ikibanduka kwenye kona, rudisha jino nyuma mpaka ukute kromu nzima kwenye makali. Ukiacha hata kidogo, cheni itakata vizuri dakika chache tu kisha itakufa tena.

Tupa ya mviringo lazima ilingane na cheni. Pima ribiti tatu zinazofuatana, kutoka katikati ya ya kwanza hadi katikati ya ya tatu, ugawe kwa mbili. Ukipata karibu milimita 8.25, tumia tupa ya 4.8. Ukipata karibu 9.5, cheni ya misumeno midogo, yenye meno mafupi, hutaka 4.0, na ile ya misumeno mikubwa hutaka 5.2 au 5.5, kama mtengenezaji alivyoelekeza.

Tafuta jino fupi kuliko yote kwa kalipa na ulitie alama ya wino. Hilo ndilo linaloamua urefu wa mengine yote, ya kulia na ya kushoto. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika: mkono mmoja una nguvu kuliko mwingine, meno ya upande mmoja yanabaki marefu, na msumeno unavuta upande huo. Usitegemee kuhesabu mapigo tu. Pima.

Kwa kukata magogo, piga kwa nyuzi 30. Kwa kupasua mbao, nyuzi 10 hutoa uso laini zaidi. Chora mstari wa pembe hiyo kwenye ubao ulio chini ya jiriwa na uufuate kwa jicho. Tupa ilale sawa, sehemu moja ya tano ya unene wake ikitokeza juu ya jino. Ikizama, jino linakuwa ndoana: linakamata mti na makali yanakatika. Ikipanda, jino linateleza juu ya mti. Sukuma kutoka ndani kwenda nje, kisha nyanyua tupa unaporudi, kwani kuiburuta kunaiua. Maliza upande mmoja wote ndipo ugeuze cheni.

Kinundu kilicho mbele ya jino ndicho kinachopima kina cha kuuma. Lazima kiwe chini ya jino kwa milimita 0.65 hivi. Laza rula juu ya meno mawili na upime nafasi kwa fila geji, ile ile ya kupimia plaga ya pikipiki. Kikizidi urefu, punguza kwa tupa bapa, kisha rudishia mviringo wake wa mbele. Usikishushe kupita kipimo ili msumeno ule haraka, maana cheni itaruka na kumpiga mtumiaji.

Jino likibaki chini ya milimita 4, au ukiona ufa popote, itupe cheni hiyo. Iliyobaki nzima ioshe tena unga wa chuma, ikaushe, na uilaze kwenye oili safi usiku mmoja ili iingie kwenye ribiti. Kwa hewa yetu ya chumvi, cheni kavu huota kutu upesi.